Hilux ya 1994, ya 2001 na Vigo ya 2007: zote tatu zimenibebea viazi

Dalali alinipigia Jumapili, ndiyo kwanza natoka kanisani. "Mama, kuna chuma hapa. Hilux, foo wili, namba D, gari changa kabisa." Nikamuuliza injini gani. Akasema dizeli. Nikamuuliza tena, injini gani? Akasema nyeupe. Nikakata simu.

Hapa kwetu watu wananunua pikapu kwa kusoma herufi ya namba. Namba D inakuambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haikuambii ilitengenezwa lini, wala ilikotoka iliteswa kiasi gani. Pikapu ya 1996 inaweza kushuka meli ikiwa na umri wa kupiga kura na bado ikavaa namba mpya. Hata mwaka ulioandikwa kwenye kadi ni nusu ya habari tu.

Mimi nanunua viazi Isyonje, huku Mbeya, na vijiji vya kuelekea Kitulo, nashusha Uyole, pale malori ya Dar yanapopakia. Safari zenyewe si ndefu, ila ni mlima, tope na baridi. Nimemiliki Hilux tatu, zote dizeli, zote mitumba.

Ya kwanza ilikuwa ya 1994, namba ya modeli LN106, singo kebini, injini 3L ya cc 2,779. Ni ya kile kizazi cha 1988 hadi 1997. Mbele ina ekseli nzima kama ya nyuma, na springi za bapa kona zote nne. Ikiwa tupu, barabara yenye makorongo inakurusha mpaka kichwa kinagonga paa. Mgongo wangu unaikumbuka hadi leo. Ukiipakia lumbesa nane, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo (najua lumbesa imekatazwa, msinianze), inatulia na kutembea kistaarabu.

Foo wili yake haianzii kwenye gia ndogo. Inaanzia nje, kwenye habu za magurudumu ya mbele, na wa kwenda kuzifunga ni wewe. Asubuhi moja ya Machi, mlimani, matairi ya nyuma yalianza kuzunguka palepale. Nikashuka na buti za mvua, nikachuchumaa, nikakwangua tope kwa ufunguo wa nyumba mpaka neno LOCK likaonekana. Vidole vilishakufa ganzi kwa baridi. Kile kizungushio kikagoma. Nikaweka bisibisi bapa, nikagonga na jiwe, tk, kikakubali. Nikazunguka upande wa pili, hadithi ileile. Nikarudi ndani nikiwa na tope mpaka kwenye kitenge, nikavuta gia ndogo mpaka L4, foo wili ya gia nzito, na gari ikapanda polepole bila kelele wala kuhema, kama trekta. Utingo wangu alisahau kurudisha habu kwenye FREE mpaka tunafika Uyole. Hakuna kilichoharibika, ila mafuta yalikwenda kidogo zaidi na mimi nikapata cha kumsema wiki nzima.

Injini ile haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, wala haina kompyuta. Pampu ni ya kimekanika, fundi anaifungua juu ya gunia kando ya barabara. Inachotaka ni subira: kwenye baridi ya huku lazima usubiri ile taa ya koili kwenye dashibodi izime ndipo upige stata, na kama plagi za hita zimekufa utasukumwa na kijiji kizima. Mlimani na mzigo inapanda kwa gia ya kwanza, wenye bodaboda wanakupita wanakupungia mkono.

Ya 2001 ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote, na bado ninayo. Ni ya kizazi kilichoanza 1997, injini 5L, cc 2,986. Ukitoka kwenye ya 94 unaona tofauti hata kabla hujawasha: milango inafunga kwa sauti ya mlango, si ya debe, na kiti kina mahali pa kuweka kiuno. Yangu mbele ina tosheni baa, fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi za bapa, kwa hiyo inameza mashimo vizuri zaidi. Ila usikariri, maana nimeshalala chini ya nyingine za kizazi hichohicho nikakuta ekseli nzima na springi za bapa. Kwa mizigo mizito na makorongo, hiyo ya springi ndiyo ngumu zaidi. Kwa mama mwenye miaka hamsini na kitu, nipeni tosheni baa.

5L ni ndugu ya 3L aliyekula vizuri: bado haina tabo, ila ina nguvu kidogo zaidi chini, kule unakohitaji ukiwa na mzigo. Ubaya wake ni hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Haipendi kuchemka. Mimi ilinipasukia paipu ya radieta karibu na Isyonje, nikauona mshale unapanda, nikazima palepale katikati ya njia, malori yakinipigia honi. Wakanitukana, lakini hedi ikapona. Na taimingi belti, kila kilomita 100,000 ibadilishwe, maana belti hiyohiyo ndiyo inazungusha pampu, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Ukinunua mtumba usiulize ilibadilishwa lini. Utadanganywa tu. Badilisha wiki hiyohiyo.

Sasa mtego wa mwaka 2001 ni huu. Mwaka huohuo, zile za soko la Ulaya zilianza kuwekewa injini ya D-4D ya cc 2,500 hivi, ya tabo na kompyuta, ndani ya bodi ileile. Rafiki yangu alinunua iliyotokea Uingereza akidhani amepata pacha wa yangu. Nje zilifanana, ila tulipofungua boneti tukakuta mambo mengine kabisa. Na chini, chumvi wanayomwaga barabarani kule wakati wa theluji ilishaila chesisi. Ukigonga na nyundo linadondoka vumbi jekundu.

Vigo, Hilux ya kizazi kilichofuata, niliinunua kwa sifa. Ya 2007, dabo kebini, modeli KUN25, injini 2KD ya cc 2,494, ndiyo hiyohiyo D-4D. Tusiseme uongo, ni gari tamu. Mlima ambao ya 94 inaupanda kwa kuomba, Vigo inaupanda kwa gia ya tatu huku unaongea na simu (msifanye hivyo). Habu za kuzungusha kwa mkono yangu haina. Unavuta gia ndogo, unakwenda, tope linabaki nje.

Niliiua mwenyewe. Mwenye gari wa kwanza alikuwa habadilishi oili kwa wakati, na mimi nikaja kuinywesha dizeli ya madumu ya vijijini, yenye maji na vumbi, kama nilivyozoea kuinywesha ile ya 94. 3L inakohoa na kuendelea. D-4D inasukuma mafuta kwa presha kubwa mno kupitia vitundu vidogo mno. Uchafu haina mahali pa kuuweka. Ilianza kugonga asubuhi ikiwa ya baridi, tok tok tok, ikipata moto inanyamaza, na mimi nikajifanya sisikii. Taa ya oili ilipowaka, fundi wangu wa Mwanjelwa alishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Washa za shaba za nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zilikuwa zinavuja, masizi yakaingia kwenye oili, chujio la chini likaziba kwa kitu kizito cheusi. Akachota kwa kidole, akaniangalia. "Mama, hii ulikuwa unainywesha uji." Nozeli nne zilikula faida ya msimu mzima.

Nikishaitengeneza nikaiuza, nikamwambia mnunuzi kila kitu. Yeye anakaa mjini, anajaza kwenye kituo kinachoeleweka, anabadilisha chujio la dizeli kwa wakati. Anaifurahia.

Akija mtu anakuambia Vigo yake iliuzwa mpya Japani, muage. Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004, ikarudi 2017. Vigo zetu zimetoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza na kwingineko.

Lakini ipo Vigo moja ambayo ningeitafuta hata leo. Fungua boneti, kibati cha chuma kilichobandikwa ukutani nyuma ya injini kina namba ya modeli. Ukisoma KUN25 au KUN26, hiyo ni D-4D. Ukisoma LAN25, funga boneti taratibu na usioneshe meno: hiyo ni bodi ya Vigo yenye 5L-E, yule mzee wangu wa 2001 akiwa na vifaa kidogo vya umeme, bila tabo. Mashirika ya misaada yalizipenda, na huwa wanaziuza kwenye mnada. Haina mbio. Mlimani utarudi kupungiwa mkono na bodaboda.

Yule dalali amepiga tena jana. Nikamwambia anisomee kibati herufi kwa herufi. Akaanza, "L... A..." halafu salio likamwishia. Kesho saa kumi alfajiri nakwenda Isyonje na ya 2001, nikirudi nitapitia kwake na nyundo.