Kibali cha kimataifa cha udereva: kijitabu cha Kampala na kadi ya mtandaoni

Kazi yangu ni kuagiza magari yaliyotumika kutoka Japani na kuyauza katika bondi moja, yaani uwanja wa kuuzia magari kutoka nje, hapa Kampala, na siku hizi huenda huko mwenyewe kuyakagua kabla hayajapakiwa melini. Anayetaka kupita viwanja vya minada viwili au vitatu kwa siku chache hana budi kukodi gari, na gari la kukodi halitolewi kwa leseni ya Uganda peke yake, bila kibali cha kimataifa. Nimekwisha kutumia huduma mbili zinazodai kutatua jambo hilo, moja ya mtandaoni na nyingine ya dawatini hapa mjini, na tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba naona ni haki wasafiri wenzangu waijue.

Ya kwanza niliipata katika tovuti ambayo sitaitaja. Nilituma picha yangu na nakala ya leseni, nikalipa, na baada ya siku chache nikaletewa kadi ya plastiki yenye kung'aa, iliyoandikwa kuwa ni leseni ya kimataifa ya miaka 10. Nilisafiri nayo nikiwa na moyo mkunjufu. Kwenye kaunta ya magari ya kukodi, kijana wa zamu aliigeuza kadi mbele na nyuma, akairudisha mbele yangu kwa mikono miwili, kisha akatoa karatasi iliyofunikwa plastiki yenye picha ya jalada la kijivu, na kidole chake kikasimama juu ya tarakimu nne: 1949. Hakukuwa na la kujadili. Siku zangu zote nilizunguka kwa treni na mabasi, na mnada mmoja niliokuwa nimeukusudia tangu nyumbani ulimalizika kabla sijafika.

Kosa la kadi ile halikuwa dogo. Kibali cha kimataifa hakimpi mtu haki mpya ya kuendesha. Ni tafsiri rasmi ya leseni aliyonayo, inayotolewa na serikali ya nchi iliyompa leseni hiyo au na chama ambacho serikali hiyo imekiruhusu. Tovuti isiyopewa mamlaka na nchi yoyote inauza karatasi tu, hata ikiwa imepambwa namna gani. Miaka 10 yenyewe ingetosha kunizindua, kwa sababu kibali cha Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani, wa tarehe 19 Septemba 1949, ndio ule wa kidole cha kijana, hudumu mwaka mmoja tangu kilipotolewa, na kile cha Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968 hakizidi miaka mitatu. Japani haimo katika mkataba wa Vienna, kwa hiyo hukubali kijitabu cha Geneva pekee, na Uganda ni mwanachama wa mkataba huo wa Geneva.

Safari ya pili nilikwenda katika ofisi ya chama cha wenye magari hapa Kampala, nikiwa na leseni yangu, pasi ya kusafiria na picha ndogo. Mama aliyekuwa dawatini hakuanza na malipo, aliuliza kwanza, "Ssebo (bwana), unakwenda nchi gani?" Nilipomjibu Japani, alitikisa kichwa kukubali na kusema kwamba basi tarehe ya mkataba ni ya kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Swali hilo moja ndilo lililokosekana kwenye tovuti, na kwangu mimi ndiyo alama ya mtu anayeijua kazi yake.

Aliweka leseni na pasi ubavu kwa ubavu na kusoma jina langu herufi kwa herufi, kwa kuwa tofauti ndogo ya tahajia inaweza kuzua maswali ugenini. Kisha akafika kwenye madaraja ya magari ninayoruhusiwa kuendesha. Leseni yangu ina B na CM, yaani lori la wastani, na alama hiyo ya pili haieleweki nje, kwa sababu mkataba una madaraja matano tu: A ya pikipiki, B ya gari dogo lisilozidi kilo 3,500 wala viti vinane vya abiria, C ya lori, D ya basi na E ya gari lenye tela. Alipiga mihuri mahali pake katika ukurasa wa mwisho, chini ya picha yangu, akashikilia kijitabu wazi kidogo hadi wino ulipokauka. Ni karatasi tupu, kijivu nje na nyeupe ndani, maelezo yaleyale yakirudiwa kwa lugha mbalimbali. Hakina mng'ao wowote.

Kwenye kaunta ya Japani kilipokelewa bila neno, pamoja na pasi na leseni ya Uganda. Navitaja vyote vitatu kwa makusudi, maana kijitabu bila leseni ya nyumbani hakina kazi, na nimewaona watu wakiacha leseni kabatini wakidhani imepata mbadala. Bima ya gari nayo hutegemea uhalali wa nyaraka hizo. Kuendesha kushoto hakukunisumbua, lakini alama nilijifunza mwenyewe: kule kusimama huamriwa kwa pembetatu nyekundu iliyoelekeza ncha chini, na kwenye makutano ya reli kila gari husimama kabisa hata kama treni haionekani.

Anayekwenda Kenya au Tanzania hahitaji gharama hii, kwani leseni ya Uganda inatambulika huko. Akivuka na gari lake, ahakikishe ana bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Wafanyabiashara wenzetu wanaokwenda Guangzhou nao wasikinunue kwa ajili ya safari hiyo, kwa sababu China bara haikitambui kijitabu hiki, na mgeni huhitaji leseni ya China ili aendeshe.

Huduma ya dawatini naipendekeza kwa moyo wote. Kinachoniuma ni ule muda wa mwaka mmoja, ambao ni mfupi kwa mtu wa safari za mara kwa mara, ingawa umewekwa na mkataba na si ofisi. Changu kinaisha mwezi wa tatu na mnada ninaoutaka ni wa mwezi wa nne, kwa hiyo picha mpya nimekwisha kupiga.