Katiba ya Marekani ya mfukoni (toleo la walibertaria): nyota 4 kati ya 5

Nimeagiza hiki kijitabu mwezi uliopita, nakala tatu, na kabla sijafika kwenye habari za kava na karatasi ngoja niseme kwanini nilikitafuta, maana najua wazazi wenzangu mlioko huku mtanielewa. Kijana wangu wa kwanza katimiza miaka 18. Tupo Houston, na shuleni kwao wale wanajeshi wanaosajili vijana wanakuja na meza yao kabisa, wanagawa kalamu na fulana, wanaongea nao vizuri, wanawaambia ukitumikia chuo utasomeshwa, na sio uongo wanasomesha kweli. Akarudi jioni akaniambia baba nataka kwenda jeshi. Sikumkatalia. Babu yake alikuwa mgambo, alienda vita ya Kagera na akarudi, sasa mimi nitamwambiaje mjukuu wa mtu kama yule kwamba jeshi ni kitu kibaya? Nikamuuliza swali moja tu, siku ukiapa unaapa kutetea nini? Akasema nchi. Nikaenda kukitafuta kiapo chenyewe nikakisoma, kumbe cha kwanza kabisa wanachoapa ni kuitetea Katiba ya Marekani. Yaani mtoto anataka kuapia kitu ambacho hajawahi hata kukishika mkononi. Ndio nikaagiza.

Kitu chenyewe ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati, ndani kuna Tangazo la Uhuru la 1776 na Katiba ya 1787 pamoja na marekebisho yake yote 27. Mbele kuna utangulizi wa taasisi iliyokichapisha, ambao ni walibertaria. Kwa asiyewajua, hawa ni watu wanaotaka serikali ndogo, kodi ndogo, na mtu aachwe na maisha yake ilimradi hamdhuru mwenzake. Na kwa wengi wao hiyo inavuka mpaka pia: usiende kupigana kwenye nchi ya watu ambao hawajakushambulia, fanya nao biashara, ishi nao vizuri, basi. Wengi tunawajua kwa mambo ya kodi na bunduki, hili la vita halisemwi sana na mimi naona ndio bora kuliko yote waliyonayo.

Tulikaa mezani jikoni baada ya kula, vyombo havijatolewa, nikamfungulia Ibara ya kwanza kifungu cha 8. Pale ndipo zilipopangwa kazi za Bunge lao moja baada ya nyingine, kutoza kodi, kukopa, kutengeneza sarafu, posta na barabara, halafu katikati ya hayo mambo ya kawaida kabisa unakuta kutangaza vita. Kijana akapitisha kidole mara mbili. Akauliza baba mbona Rais hayupo hapa? Nikamwambia geuza kurasa, Rais yupo Ibara ya pili, ni Amiri Jeshi Mkuu, anaongoza vita ikishaamuliwa. Kwenye hichohicho kifungu cha 8, chini kidogo ya kutangaza vita, pia kuna sharti kwamba pesa ya jeshi la nchi kavu isitengwe kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo, ili wawakilishi warudi mezani kila mara waulizwe tena. Waliotunga hii kitu walikuwa wametoka kutawaliwa na mfalme, walijua mtu mmoja akiwa na jeshi na mfuko kwa wakati mmoja inakuwaje.

Nikamuuliza unajua mara ya mwisho Bunge kutangaza vita ni lini? Akasema Iraki. Hapana. Ni Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea hawakutangaza, Vietnam hawakutangaza, Afghanistan na Iraki hawakutangaza. Alidhani nakosea, akaingia kwenye simu kutafuta mwenyewe, akanyamaza.

Hapa Texas mtu utakayesikia jina lake kwenye haya mambo ni Ron Paul, daktari wa kuzalisha akina mama wa Lake Jackson, kusini mwa Houston, alikaa Bungeni miaka mingi mpaka Januari 2013. Oktoba 2002 wakati Bush anaomba ruhusa ya Iraki, huyu mzee aliingia kwenye kamati akapeleka pendekezo la kutangaza vita rasmi, na palepale akasema mwenyewe atalipigia kura ya hapana. Alitaka wabunge waweke majina yao kwenye neno vita badala ya kumwachia Rais aamue mwenyewe siku anayotaka. Mwenyekiti wa kamati, Henry Hyde, akamjibu kwamba kuna mambo kwenye Katiba yamepitwa na wakati na kutangaza vita ni mojawapo. Niliposoma hiyo niliumia kwa kweli, kwa sababu askari wanaapa kuitetea hiyo Katiba yote, hakuna anayewaambia kuna sehemu zimeshastaafu. Lakini niseme ukweli wote, Ron Paul huyohuyo Septemba 2001 alipigia kura ya ndiyo ile sheria ya kutumia nguvu dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11. Bunge la wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1, na huyo mmoja aliyekataa ni Barbara Lee wa California, Mdemokrati, sio mlibertaria hata kidogo.

Na hiyo sheria ndio kiini cha mazungumzo yangu na mwanangu. Ni fupi, ukitoa utangulizi wake sehemu inayotoa ruhusa ni aya moja. Haitaji nchi, haina tarehe ya mwisho. Mwaka 2016 serikali ya Obama ikasema na Al-Shabaab wamo, kikundi ambacho Septemba 2001 hakikuwepo. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab wakavamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa kampuni ya kandarasi. Lamu jamani, sio mbali na kwetu. Nikamwambia angalia, huyo askari kijana katoka Marekani kaja kufia pwani ya Kenya, na kura iliyompeleka ilipigwa yeye akiwa mtoto mdogo.

Kuna kitu sikuwahi kumsimulia kabla ya usiku ule. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Dar, nasoma sekondari, bomu la ubalozi wa Marekani lililipuka asubuhi na tuliusikia mshindo tukiwa darasani, mwalimu alisimama na chaki mkononi. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200, wengi wao watu wetu waliokuwa wanaenda kazini. Siku hiyohiyo ilikuwa imetimia miaka 8 kamili tangu majeshi ya Marekani yaanze kupelekwa Saudi Arabia, na Bin Laden alikuwa ameshasema wazi kwamba hilo ni moja ya madai yake. Walibertaria wanasema siku zote kwamba ukiingia kwa watu na majeshi, malipo yanarudi. Wauaji ni wauaji, hakuna la kuwatetea. Ila mimi ninachoongeza ni kwamba malipo yakirudi hayarudi Washington tu, yanapita Uhindini, yanapita barabarani kwetu, yanampata mlinzi na mama wa usafi. Hilo sikulikuta kwenye huo utangulizi, wanaongelea sana kodi na ukubwa wa serikali, na kwa vita walistahili kurasa nzima. Ndio sababu ya kwanza ya kupunguza nyota.

Pia siwafuati kwa yote. Wengi wao wanataka misaada yote ya serikali kwenda nje ikatwe, na mimi shangazi yangu alipata dawa za ARV kwa PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, yupo hai, analima. Na nilimpigia baba WhatsApp yuko Bukoba, nikamweleza hoja yao. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema sisi tulivamiwa, watu waliuawa, Mwalimu akasimama akatuambia uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na nchi nzima ikaelewa sababu ni ipi. Nikamwambia baba ila nyie hamkuishia mpakani, mlifika Kampala Aprili 1979. Akasema ungemwacha Amin pale angerudi. Kwa hilo niko na baba. Lakini mwenyewe akakumbusha kwamba tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, na ile foleni ya sukari na sabuni ilikuja kuwa ndefu kuliko hiyo miezi, hata kama vita haikuwa sababu pekee.

Sasa mambo ya bidhaa. Karatasi ni nzuri, haipasuki, kava ni gumu kiasi na linavumilia jasho la mfukoni. Maandishi ni madogo sana, ukizidi miaka 40 uwe na miwani na taa ya kutosha. Hakuna maelezo pembeni, kwa hiyo mtoto akisoma peke yake hatajua kifungu kipi kimebadilishwa na marekebisho yapi. Bei haizidi ya chakula cha mchana cha kawaida, na mzigo ulifika kwa siku tano, nakala moja kona imekunjika lakini inasomeka.

Kijana bado hajaamua, na mimi simsukumi. Alienda nacho shuleni akamuuliza yule sajini, mimi nikipelekwa nje nitapelekwa kwa sheria ipi na ya mwaka gani, na yule bwana, namheshimu kwa hili, alimwambia hilo swali hajawahi kuulizwa na ataenda kulitafutia jibu. Nakala ya pili nimempa jirani Mkongo ambaye mwanae naye yuko kwenye umri huo. Ya tatu naipeleka Bukoba Desemba kwa baba. Kasema Kiingereza cha sheria kinamchosha, nimwandikie kile kifungu cha 8 kwa Kiswahili kwenye karatasi nikibandike ndani, nimeshaanza, jana usiku nimefika pale kwenye jeshi la majini.