Nimelipia zege la kuzuia maji, wakalitia maji

Mnaojenga matenki ya maji ya chini ya ardhi huku Kigamboni, someni hii kabla hamjatoa hela.

Niseme haki kwanza. Siku ya sakafu ya tenki langu, hawa wauza zege la kuletwa na gari walinifurahisha mno. Gari lilifika mapema, kijana wao akashuka na ile koni ya bati ya kupimia ulaini wa zege, akaijaza zege kidogo kidogo huku akilishindilia kwa fimbo ya chuma, akainyanyua taratibu. Zege likabonyea kiasi, likasimama. Laini, linapita kwenye pampu bila shida, na hakuna aliyegusa mpira wa maji, maana ulaini ule ulitoka kwenye dawa ya kiwandani. Fundi wangu huwa anaponda zege la kununua, siku hiyo alinyamaza. Nikawasifia kwa majirani.

Ikaja siku ya kuta.

Gari lilichelewa sana. Foleni ya Mandela naijua, kwa hilo siwalaumu. Ila zege likishakutana na maji linaanza safari yake ya kushika humo humo kwenye pipa la gari, ndiyo maana wenye kazi hii wamezoea kuhesabu dakika 90, labda liwe limetiwa dawa ya kulichelewesha. Hili lilifika jua la utosi, limeanza kukakamaa. Koni haikutoka garini. Dereva akavuta mpira, akautumbukiza kwenye pipa, akafungulia.

Nikamwambia, "Kijana wangu, unafanya nini? Hilo ni zege la kuzuia maji!"

Hata hakugeuka. "Mama, wewe lipa. Zege tuachie wenyewe."

Mbele ya mafundi wangu! Kwenye kiwanja changu!

Sasa nieleze kwa nini damu ilinichemka. Saruji inahitaji maji kiasi tu ili ishike. Yanayozidi hayaliwi na saruji, yanabaki ndani ya zege, yakikauka yanaacha vinjia vidogo vidogo, na humo humo ndimo maji ya nje yanapopenya. Yaani nimelipia dawa ya kuziba vinjia, mtu anakuja kuvifungua kwa mpira. Na huku kwetu maji ya ardhini yana chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inaota kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutokea ndani. Bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa zege kavu kiasi kwamba linatandazwa na kushindiliwa kwa rola. Nani alimwambia huyu dereva kuwa zege zuri ni uji?

Kama lilikuwa limekaza, angepiga simu kiwandani waamue kuongeza dawa ya kulainisha, au waseme lirudi. Wakati huo pampu ilishawashwa na mafundi wako juu ya mbao, likamwagwa.

Tulipobandua mbao, ukuta wa upande wa barabara, chini karibu na kona, kokoto zimeachana na saruji, matundu kama sega la nyuki. Tukajaza maji kabla ya kurudishia udongo, nikachora alama ya chaki usawa wa maji. Kesho yake maji yako chini ya alama, na pale kwenye kona kuna unyevu mrefu unaoteremka. Sakafu? Kavu kabisa. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba wanajua kazi.

Ofisini wakaniahidi majibu ya vile vibonge vya zege vinavyopasuliwa kwenye mashine kupima nguvu yake baada ya siku 28. Siku zimepita, masika yamepita, kila nikipiga ni "mhandisi yuko saiti". Wamesema watanitumia fundi apake dawa kwa ndani. Kupaka! Nataka majibu ya vibonge kwenye karatasi, na lile eneo bovu lichongwe mpaka kwenye zege zima, lizibwe upya kwa gharama yao.

Nilikaa niandike kwamba huduma ni ya wastani, kwa heshima ya ile sakafu. Nimeghairi. Msiwape kazi ya maji.

Slabu ya ghorofa bado sijamwaga, na kuchanganya kwa mashine ya kukodi eneo lote lile ni mateso. Wakimleta yule kijana wa koni, na kila gari lipimwe mbele yangu kabla pampu haijawashwa, tutaongea. Yule dereva asikanyage geti langu.