Oldboy: hiki kipande cha korido nimekirudia mara sita

Oya wanangu, karibuni. Leo salamu fupi, maana jana usiku nimeangalia Oldboy ya Park Chan-wook na mpaka sasa kichwa hakijatulia.

Muvi ya Korea Kusini, 2003, tamasha la filamu la Cannes ikabeba tuzo ya Grand Prix, hayo mnayajua. Oh Dae-su anatekwa, anafungiwa chumbani miaka 15, chakula chake mandu za kukaanga, yaani vitumbua vya Kikorea vyenye nyama ndani, kisha anaachiwa bila kuambiwa kosa lake. Naishia hapo. Na nyie kwenye komenti mtunze siri ya mwisho, nawaomba sana.

Sasa korido. Nasimamisha hapa. Kamera iko ubavuni, kama ukuta wamebomoa ili tuchungulie. Jamaa ana nyundo, wapinzani wake ni kundi zima na magongo. Naachia... hesabuni picha imekatwa mara ngapi. Hamna! Karibu dakika tatu zimekwenda mfululizo. Walirekodi siku tatu, wakarudia mara 17. Oneni kisu hicho, kimebaki mgongoni, na bado anapigana. Anahema. Anaanguka, anainuka. Na wale maadui nao hoi, wanaogopa kumsogelea! Tumezoea steringi anapiga watu ishirini shati halijachomoka. Huyu Choi Min-sik, anayeigiza Oh Dae-su, anachoka kama mtu aliyebeba zege kutwa. Subirini, narudisha tena.

Wamarekani waliirudia 2013, Spike Lee akaongoza. Korido wameiweka, uchovu huu haupo.

Halafu msinunue ya kutafsiriwa. Mimi niliwekewa kwenye flashi kwa buku, mtafsiri kaongea juu ya muziki wote wa kipande hiki! Iliniuma. Tafuteni yenye maandishi chini.

Damu? Mwanzoni nilisema imezidi. Pale kwenye meno niligeuza uso. Na pweza anamla mzimamzima, hai, pweza wa kweli. Choi ni Mbudha, aliwaombea hao pweza. Mimi supu ya pweza nimekulia, lakini mikono ile ikimsokota usoni... sikiangalii tena kile. Nilitaka kuipa saba. Sasa nikitazama hapa, hapana, ni tisa. Watoto wawe wamelala.

Ijumaa tunaendelea na Lady Vengeance ya 2005, mwongozaji huyuhuyu Park, bonyezeni kengele.

Haya, kamaliza korido. Lifti inafunguka. Tazameni waliomo ndani, halafu muutazame uso wake.