TAHADHARI: Fundi wa Arusha anayebadilisha briji za besi na kubaki na ile ya zamani

Ndugu wapiga besi wa Arusha na Moshi, hasa ninyi mnaopigia kwaya magitaa yaliyonunuliwa kwa sadaka za waumini, naomba msome habari hii kabla hamjampelekea mtu gitaa akalibadilishe briji, yaani kile kipande cha chuma kilichofungwa chini ya gitaa kushikilia nyuzi. Yupo muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba anazo briji za brasi kutoka Japani na kwamba anazifunga mwenyewe huku mteja akisubiri. Simtaji jina kwa kuwa nimeshachukua RB na suala liko polisi, lakini wenzangu wawili walionisimulia yaliyowapata walipita njia ileile niliyopita mimi, hatua kwa hatua.

Nilimpelekea besi yangu aina ya Fender Precision iliyotengenezwa Japani kwa sababu kibebeo cha uzi wa E, yaani kile kipande kidogo cha briji ambacho uzi hukalia, kilikuwa kimeshika kutu, na skrubu zake za kupandisha na kushusha uzi hazikuzunguka tena. Tatizo lilikuwa la kipande kimoja kidogo. Yeye aliligeuza gitaa, akaigonga briji kwa ukucha, akasema, "Kaka, hii yote imeshakufa, ukibadilisha kimoja vingine vitafuata." Kisha akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye briji mpya ili nione kwamba hainasi, akatangaza kuwa hiyo ni brasi halisi. Nilikubali kulipa shilingi 180,000 za briji na 40,000 za ufundi. Ni kweli kwamba brasi hainaswi na sumaku, lakini hata zinki hainaswi, na zinki ndiyo iliyokuwa mkononi mwake. Baadaye fundi mwingine wa hapa Moshi aliikwangua kwa tupa upande wa chini, mahali pasipoonekana, na chini ya kromu hapakuwa na umanjano wowote wa brasi, bali rangi ya kijivu ya zinki.

Baada ya kulipwa aliniambia nirudi kesho kwa kuwa umeme umekatika. Hapo ningepaswa kushtuka. Briji ambayo matundu yake yanalingana na ya zamani hufungwa kwa bisibisi ya mkono, na umeme unahitajika pale tu mtu anapokusudia kutoboa mbao. Besi nyingi za muundo wa Fender hufungwa briji kwa skrubu tano zilizopangwa mstari mmoja upande wa nyuma, ilhali yake ilikuwa na mpangilio mwingine kabisa. Aliyaziba matundu ya zamani kwa njiti za kiberiti na gundi, akatoboa mapya kando yake, akafunika yote kwa bamba linalong'aa.

Nyumbani nilichukua rula. Kutoka katikati ya uzi wa E hadi katikati ya uzi wa G, kwenye briji ya kawaida ya nyuzi nne, hupatikana milimita 57, yaani nafasi tatu za milimita 19. Hii ilikuwa na 60, kwa hiyo uzi wa G ulipita ukingoni mwa shingo na ukiuvuta kidogo ulidondoka nje ya freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo. Baya zaidi, bamba lilikuwa limesogezwa mbele karibu milimita nane. Precision ina urefu wa uzi wa inchi 34 tangu ile ya kwanza ya mwaka 1951, na freti zote zimepangwa kwa kipimo hicho, kwa hiyo briji ikisogea mbele uzi unakuwa mfupi kuliko freti zinavyotarajia na kila noti unayobonyeza inapanda. Dawa yake ni kurudisha kibebeo nyuma, lakini changu kilikuwa kimeshafika mwisho wa skrubu, na uzi wa E uliobonyezwa freti ya 12 bado ulikuwa juu ya oktava yake. Waimbaji walianza kunitazama mazoezini. Sauti ya nne walidhani ni wao waliokosea.

Halafu kulikuwa na mngurumo kwenye amplifaya. Nilimrudia, akasema pikapu, yaani zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zimechoka, akaingia nalo chumba cha ndani kwa saa nzima na kunitoza shilingi 60,000 nyingine. Mngurumo uliisha. Yule fundi wa Moshi alipofungua kifuniko cha nyaya alikuta risasi zote za kuchomelea ni za kiwandani, hazijaguswa. Kilichoguswa ni waya wa ethi, ule mwembamba unaopita kwenye tundu dogo la mbao na kubanwa chini ya briji: ncha yake ilikuwa imekwanguliwa upya. Maana yake ni kwamba aliuacha nje alipofunga briji, kisha akalipwa kuurudisha. Mnaweza kulipima jambo hili wenyewe kabla ya kuondoka dukani. Mngurumo ukiwa hautulii unapogusa nyuzi, lakini unatulia unapogusa chuma cha tundu la kuchomekea waya, ethi haijafika kwenye briji.

Nilipoomba briji yangu ya zamani alijibu kwamba amewapa watu wa chuma chakavu. Wiki tatu baadaye niliiona kwenye matangazo yake, imesafishwa, ikiitwa "orijino ya Japani", kwa bei inayozidi ile aliyoniuzia ya zinki. Nadhani hiyo ndiyo biashara yake hasa, na sisi tunaokwenda kubadilishiwa ndio ghala lake. Kwa hiyo anayelazimika kwenda kwake au kwa anayefanana naye aweke briji ya zamani mfukoni mara tu inapofunguliwa, na asiliache gitaa lilale huko.

Yangu ina mkwaruzo wenye umbo la herufi V karibu na uzi wa D, na skrubu ya kurudishia uzi wa A ina kichwa cha mfereji mmoja ilhali nyingine tatu zina cha msalaba, kwa sababu niliibadilisha mwenyewe. Atakayeuziwa briji ya namna hiyo asiilipie. Aniandikie, nitakuja na picha nilizoipiga kabla haijapotea pamoja na namba ya RB.