Bangili ya Fedha Iliyotiwa Weusi kwa Sonara wa Mtwara

Nilimpelekea sonara mmoja wa Mtwara mjini bangili ya fedha ya 925 (yaani yenye fedha safi asilimia 92.5) niliyoachiwa na bibi, iliyokuwa inang'aa mno hata nakshi zake hazionekani, nikamwomba aitie weusi wa kizamani. Aliichovya katika maji ya uvuguvugu yenye dawa ya salfa, yanayonuka kama yai viza, ikageuka rangi ya dhahabu, kisha buluu, hatimaye nyeusi. Ndipo akazisugua sehemu zilizoinuka tu, weusi ukabaki katika mifereji ya maua. Nakshi sasa zinasomeka. Kasoro ni upande wa ndani, ambao hakuusugua, ukanichafua mkono siku ya kwanza, ingawa aliurekebisha bila kudai nyongeza. Alinionya nisiioshe kwa dawa ya kung'arishia fedha, kwani itaondoa weusi wote.