Thina ya Vallejo kwa eabrashi, baada ya nusu chupa

Wadau wa vimodeli, nimefika nusu ya chupa ya Vallejo Airbrush Thinner, ile kubwa ya 200 ml, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi za Vallejo ili zipite kwenye eabrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa), sasa naweza kuizungumzia. Mi nipo Dodoma, napaka ndege za modeli za skeli 1/72 na visanamu vya askari vya 28 mm, nozo yangu (tundu la kutolea rangi) ni 0.3 mm na rangi zangu nyingi ni Model Color za Vallejo, zile nzito za brashi ya mkono, usipozizimua hazipiti kabisa.

Mwanzo nilikuwa nazimua kwa maji tu. Yanapita, sikatai, ila juu ya praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) rangi inajikusanya matonematone badala ya kutandaa, na hata ikikauka ukiipitishia kucha inabanduka. Kwa thina hii hiyo kero imeisha, rangi inatandaa laini na inashika. Naanza na thina kwenye kikombe ndo nadondoshea rangi, maana ukitanguliza rangi nzito inaenda kukaa chini kwenye sindano na huipati tena, alafu nakoroga na brashi kuukuu mpaka nikiipandisha ukutani mwa kikombe inateremka kama maziwa freshi na kuacha utando mwembamba. Mara nyingi nafika hapo kwa tone moja la rangi tone moja la thina, nyeupe na njano zinataka zaidi kidogo. Msikariri matone lakini, angalieni hayo maziwa. Presha naweka 15 mpaka 20 PSI. Ikitawanyika kama miguu ya buibui ujue umezimua sana au presha imezidi, ikitua chengachenga kama vumbi basi ni nzito au unapulizia mbali.

Sasa kasoro niliyoiona: huku kiangazi hewa kavu mno, na thina peke yake haiwezi. Rangi inakaukia kwenye ncha ya sindano, kila dakika chache nasimama kufuta, na mstari mwembamba ndo unaharibika hapohapo. Ikabidi ninunue na Flow Improver ya haohao Vallejo, ya kusaidia rangi itiririke isikaukie kwenye sindano, matone mawili kwa kikombe, na kazi ikanyooka aisee, ila ukizidisha modeli inachelewa kukauka. Kwa hiyo kwa mikoa mikavu pigeni bajeti ya chupa mbili.

Na tafadhali, msiwekee Vallejo thina ya X-20A ya Tamiya, kampuni nyingine ya rangi, wala spiriti. X-20A ni nzuri sana kwa rangi za Tamiya zenyewe kwa sababu nazo zina alkoholi, lakini Vallejo ikikutana na alkoholi inaganda mabonge kama maziwa yaliyokatika, hapo utafungua nozo yote.

Wenye Model Air tu, rangi za Vallejo za eabrashi, zile zinakuja nyepesi tayari, mi naweka tone moja la thina kwa kikombe kizima, chupa ndogo inawatosha.